Kusomea Ushauri wa Afya ya Akili Marekani Hadi Kupata Leseni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa sana na wasemaji wa Kiswahili walioko Marekani, au wanaojiandaa kwenda kusoma huko. Majibu yote yanahusu Marekani, isipokuwa pale nchi nyingine inapotajwa. Ukiwa na haraka, anza na swali la majina ya leseni na swali la viza, kwa sababu hayo mawili ndiyo yanayowagharimu watu miaka.

## Misingi

Mshauri wa afya ya akili mwenye leseni ni nani hasa?

Ni mtu aliyesoma shahada ya uzamili ya ushauri, akafanya kazi chini ya msimamizi kwa miaka kadhaa, akafaulu mtihani wa taifa, kisha bodi ya jimbo ikamruhusu kutibu watu kwa mazungumzo bila kusimamiwa. Wanaomjia ni watu wenye sonona, wasiwasi uliopitiliza, kiwewe cha vita, uraibu, ndoa zinazoyumba, au huzuni ya msiba isiyoisha.

Haandiki dawa. Hiyo ni kazi ya daktari wa magonjwa ya akili, ambaye amesomea udaktari kwanza. Mwanasaikolojia mwenye leseni kwa kawaida ana shahada ya uzamivu. Mhudumu wa ustawi wa jamii naye anaweza kutibu kwa mazungumzo, ila anapitia shahada yake na bodi yake. Chumbani na mteja, kazi ya mshauri na ya mhudumu wa ustawi wa jamii zinaweza kufanana sana. Kinachotofautiana ni njia ya kufika.

Mbona rafiki yangu wa Texas anaitwa LPC na binamu yangu wa Florida LMHC?

Hayo ni majina tofauti ya leseni ya mshauri, kwa sababu leseni hutolewa na jimbo, wala si serikali ya taifa. New York, Florida, Massachusetts na Washington hutumia LMHC. Texas, Pennsylvania na Virginia hutumia LPC. California na Ohio hutumia LPCC, na Maryland LCPC. Illinois ina ngazi mbili: unaanza na LPC, baadaye unapanda kuwa LCPC. Virginia ilikuwa ya kwanza kutunga sheria ya fani hii mwaka 1976, na California ikawa ya mwisho mwaka 2009, kwa hiyo kila jimbo lilijenga nyumba yake kwa ramani yake.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa kila anayeuliza ni huu: amua utaishi na kufanya kazi jimbo gani, fungua ukurasa wa bodi ya jimbo hilo, soma masharti yake, ndipo uanze kutafuta chuo. Wengi hufanya kinyume. Wanahitimu, wanahama, kisha wanaambiwa wamepungukiwa masomo mawili.

Inachukua miaka mingapi kwa jumla?

Ukisoma muda wote, shahada ni miaka miwili hadi mitatu. Baada ya hapo kuna kazi chini ya msimamizi, ambayo mara nyingi ni miaka miwili au zaidi. Weka akilini miaka mitano hadi sita. Anayesoma huku anafanya kazi za usiku na kulea watoto huchukua zaidi, na hakuna aibu katika hilo. Ila uliza chuo kina ukomo gani wa miaka ya kumaliza shahada.

Nilikuwa mshauri nasaha kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Kazi hiyo inahesabika?

Haihesabiki kwenye saa za leseni. Saa zinazohesabika ni zile ulizofanya ndani ya shahada, na zile za baada ya kuhitimu chini ya msimamizi anayekubaliwa na bodi.

Lakini usiifiche. Iandike kwenye barua yako ya maombi kwa undani: ulihudumia nani, ulifundishwa nini, ni jambo gani lilikushinda. Mtu aliyekaa na mama aliyepoteza watoto njiani kutoka Kivu, akajua lini anyamaze, ana kitu ambacho mwenzake wa miaka 22 bado anakitafuta. Pia kazi hiyo inaweza kukufungulia mlango wa ajira ukiwa unasoma, kama vile mfanyakazi wa afya ya jamii au msaidizi kwenye shirika linalopokea wakimbizi.

## Kuingia chuoni

Shahada yangu ya kwanza si ya saikolojia, tena ni ya nyumbani. Nitapokelewa?

Programu nyingi hupokea shahada ya kwanza ya fani yoyote, iwe ualimu, sosholojia, uuguzi au biashara. Baadhi huomba somo la utangulizi wa saikolojia au takwimu, ambalo unaweza kulisoma kwa bei nafuu kwenye chuo cha jamii kabla ya kuanza.

Shahada ya nje ya Marekani hupitishwa kwanza kwa shirika la kutathmini vyeti. WES ndilo linalojulikana zaidi. Hapa pana jambo la kuangalia. Shahada ya miaka minne kutoka Kenya kwa kawaida haileti maswali. Mwenye shahada ya miaka mitatu kutoka Tanzania aulize chuo kabla ya kulipa ada ya maombi, na apeleke pia vyeti vya kidato cha sita. Mwenye *graduat* (shahada ya miaka mitatu) peke yake kutoka Kongo afanye hivyohivyo. Uliza kwa barua pepe, ili jibu libaki kwa maandishi.

CACREP ni nini, na ni lazima?

Ni chombo kinachotoa ithibati kwa programu za ushauri, kilichoanzishwa mwaka 1981. Programu yake ya ushauri wa afya ya akili ina angalau krediti 60 za muhula. Baadhi ya majimbo, Ohio ikiwa mfano, hudai ithibati hiyo. Mengine hukubali programu yoyote inayolingana nayo, lakini hapo unajikuta unathibitisha somo baada ya somo, pengine kwa kutafuta silabasi ya mwaka uliosahaulika.

Kama una nafasi ya kuchagua, chagua yenye CACREP. Chuo kuwa na ithibati ya jumla hakutoshi; uliza kuhusu programu yenyewe, kwa jina lake kamili. Shahada ya "saikolojia" au ya "ushauri wa kichungaji" inaweza kuwa nzuri sana na bado isikufikishe kwenye leseni.

Naweza kusoma mtandaoni?

Ndiyo, zipo programu za mtandaoni zenye CACREP, na zimewasaidia sana akina mama wenye watoto wadogo na watu wa miji midogo. Mazoezi hata hivyo unayafanya na wateja halisi, na mara nyingi kazi ya kutafuta kituo ni yako mwenyewe. Kabla ya kujiandikisha uliza chuo kinawasaidiaje wanafunzi wa jimbo lako kupata kituo, na kama kinatoa taarifa ya maandishi kwamba programu inakidhi masharti ya leseni ya jimbo hilo. Kwa mwenye viza ya mwanafunzi, tazama swali la viza.

Nitalipaje ada?

Mkimbizi, aliyepewa hifadhi na mwenye grini kadi wanaweza kuomba mikopo ya serikali ya shirikisho kama raia. Hili watu wengi wa jamii zetu hawalijui, na wanakaa miaka wakidhani wanasubiri uraia. Mwenye viza ya mwanafunzi hapati mikopo hiyo.

Kuanzia tarehe 1 Julai 2026, mkopo wa nyongeza uitwao Grad PLUS haupo tena kwa wakopaji wapya, na ukomo wa kawaida kwa wanafunzi wa uzamili ni dola 20,500 kwa mwaka. Kwa hiyo linganisha ada kwa makini. Chuo cha umma cha jimbo lako mara nyingi ndicho kinachokaa ndani ya ukomo huo. Uliza pia nafasi za msaidizi wa mwalimu au wa utafiti, ambazo hupunguza ada.

Baadaye, mpango wa PSLF hufuta deni lililobaki baada ya malipo 120 yanayokubalika ukiwa mwajiriwa wa serikali au wa shirika lisilo la faida. National Health Service Corps, mpango wa serikali kuu, nao husaidia kulipa mikopo ya washauri wenye leseni wanaofanya kazi maeneo yenye uhaba.

## Ndani ya masomo

Tunasoma nini?

Maadili ya kazi, utamaduni na jamii, ukuaji wa binadamu, ushauri wa kazi na ajira, mbinu za ushauri, ushauri wa vikundi, upimaji, na utafiti. Juu ya hayo kuna utambuzi wa magonjwa ya akili, uraibu, na namna ya kushughulikia dharura ya mtu anayetaka kujiua.

Somo la mbinu ndilo linalowatikisa watu wetu. Unarekodiwa video ukimsikiliza mwenzako, kisha darasa zima linakutazama. Tuliolelewa kwenye nyumba ambazo mkubwa akisikia shida hutoa jibu papo hapo, tunapata taabu kukaa kimya na kumwacha mtu afike mwenyewe. Jipe muhula mmoja. Inakuja.

Mazoezi na utarajali ni saa ngapi?

Kwa viwango vya CACREP, mazoezi ya awali ni saa 100, ambapo 40 ni za kukaa na wateja. Utarajali ni saa 600, na 240 kati yake ni za wateja. Saa zilizobaki ni kuandika kumbukumbu, vikao, mafunzo na usimamizi. Kila wiki unakutana na msimamizi wako, na pia kikundi cha wanafunzi wenzako.

Mara nyingi hulipwi, na hapa ndipo wengi huacha. Saa 600 ni takriban saa 20 kwa wiki kwa mihula miwili, juu ya masomo na kazi ya kukulisha. Anza kuweka akiba tangu muhula wa kwanza. Zungumza na mwajiri wako mapema kuhusu zamu za jioni au za wikiendi. Ukifanya kazi kwenye kituo cha afya au shirika la wakimbizi, uliza kama utarajali unaweza kufanyika hapohapo katika idara nyingine.

Kiingereza changu kina lafudhi. Wateja watanielewa?

Watakuelewa. Wanachohitaji ni mtu anayewasikiliza kwa makini na kuuliza asipoelewa. Ugumu halisi uko kwenye kuandika: kumbukumbu za mteja zinasomwa na bima, msimamizi, na wakati mwingine mahakama. Tumia kituo cha uandishi cha chuo tangu mwanzo.

Usisahau upande wa pili. Mteja anayezungumza Kiswahili cha Bukavu na mshauri wa Tanga wataelewana, lakini maneno ya maumivu hayafanani. Mmoja atasema moyo unauma, mwingine kwamba kichwa kimejaa, na mwingine ataeleza tumbo tu. Msikilize anavyosema yeye.

## Baada ya kuhitimu

Nimemaliza shahada. Naweza kufungua ofisi?

Bado. Kwanza unaomba kibali cha kufanya kazi chini ya msimamizi. Texas wanakuita mshauri mshirika; Florida unasajiliwa kama mtarajali hata kama una shahada mkononi; New York unapewa kibali chenye mipaka. Chini ya kibali hicho unakusanya saa.

New York inadai saa 3,000. Texas pia 3,000, ambapo 1,500 ni za huduma ya moja kwa moja, kwa muda usiopungua miezi 18. Massachusetts inadai saa 3,360, 960 kati yake zikiwa za wateja. Florida inahesabu saa 1,500 za tiba ya ana kwa ana, zisizokusanywa chini ya wiki 100.

Weka kumbukumbu zako mwenyewe na upate sahihi ya msimamizi kila mwezi. Wasimamizi huhama, huugua, hufariki, na mashirika hufungwa. Saa zisizo na sahihi ni vigumu mno kuzithibitisha miaka miwili baadaye.

Nani anamlipa msimamizi?

Ukiajiriwa na kituo kikubwa, mara nyingi kituo hutoa msimamizi bila malipo. Ukifanya kazi mahali pasipo na msimamizi anayekubalika, utamlipa wa nje kutoka mfukoni mwako, pale jimbo linaporuhusu. Uliza hili siku ya usaili, kabla ya kuuliza mshahara. Uliza pia kama leseni yake inakubaliwa na bodi yako, maana jimbo moja linaweza kumkubali mhudumu wa ustawi wa jamii awe msimamizi na jingine likakataa.

Mitihani ni ipi?

Ipo miwili, yote ya NBCC, bodi ya taifa ya kuthibitisha washauri. NCE ina maswali 200 ya kuchagua, 160 kati yake ndiyo yenye alama. NCMHCE ina visa 11 vya wateja: unasoma habari za mtu, kisha unajibu maswali kuhusu utambuzi, mpango wa tiba na hatua inayofuata. New York na Florida hutumia NCMHCE. Majimbo mengine hukubali NCE au yoyote kati ya hiyo miwili.

Katika NCMHCE, wengi wetu hupoteza alama kwa kukimbilia tiba kabla ya kuuliza kuhusu usalama: je, anafikiria kujiua, kuna mtu anampiga, ana watoto nyumbani. Jizoeze kuanza hapo.

Bima zitanilipa?

Ukishakuwa na leseni kamili na ukakubaliwa na kampuni ya bima, ndiyo. Tangu tarehe 1 Januari 2024 Medicare, bima ya serikali kwa wazee, inawalipa washauri wenye leseni, kwa asilimia 75 ya kile anacholipwa mwanasaikolojia. Kwa bibi wa Kikongo anayeishi na wajukuu Des Moines, mabadiliko hayo yana maana kwamba mshauri anayezungumza lugha yake anaweza kumhudumia na kulipwa. Vita ya fani hii kupata haki hiyo ilikuwa ndefu, na ilistahili.

## Mambo yanayotatiza

Niko kwenye viza ya mwanafunzi, F-1. Nifanyeje?

Soma jibu hili kabla hujalipa chochote, halafu lithibitishe kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako.

Kwanza, programu ya mtandaoni tupu haikufai: F-1 inaruhusu somo moja tu la mtandaoni kwa muhula kuhesabiwa katika mzigo wa masomo ya muda wote. Pili, mazoezi nje ya chuo yanahitaji CPT, yaani kibali cha mazoezi ya kazi wakati wa masomo, kabla hujaanza, hata kama hulipwi. Ukitumia CPT ya muda wote kwa miezi 12 au zaidi, unapoteza haki ya OPT (kibali cha kazi baada ya kuhitimu), kwa hiyo hakikisha utarajali wako umeandikwa kuwa wa saa zisizozidi 20 kwa wiki.

Tatu, na hili ndilo gumu: OPT ni miezi 12. Wiki 100 za Florida haziingii ndani ya miezi 12, wala miezi 18 ya Texas. Bila mwajiri atakayekuombea viza ya kazi, unaweza kuondoka na shahada nzuri na saa nusu. Tafuta mwajiri wa aina hiyo tangu mwaka wa kwanza. Mashirika yasiyo ya faida yenye uhusiano na vyuo vikuu hayafungwi na idadi ya kila mwaka ya viza za kazi za H-1B. Kama nia yako ni kurudi nyumbani, hesabu inabadilika: tazama swali la kurudi Kenya.

Nikihama jimbo, naanza upya?

Si kuanza upya, lakini unaomba tena. Mkataba wa majimbo uitwao Counseling Compact ulipata nguvu mwaka 2022 baada ya majimbo kumi kuupitisha, na sasa yaliyojiunga yamezidi thelathini. Lengo lake ni kumwezesha mwenye leseni kamili katika jimbo mwanachama analoishi kuomba ruhusa ya kufanya kazi katika jimbo jingine mwanachama. Aliye bado chini ya msimamizi hanufaiki nao. Kwa huyo, kuhama katikati ya kukusanya saa ni jambo la kuepuka ukiweza.

Jamii yetu ni ndogo. Mteja nitakutana naye msikitini, kanisani, harusini. Inaruhusiwa?

Kukutana kunaruhusiwa, na hakukwepeki. Maadili ya chama cha washauri wa Marekani, toleo la 2014, yanakataza kumshauri rafiki au ndugu ambaye huwezi kubaki naye bila upendeleo. Mke wa kaka yako, mtoto wa shemeji, jirani mnayekula naye daku: watafutie mshauri mwingine. Watalalamika kwamba unajivuna. Waeleze kwa upole kwamba mtu wa nje atawahifadhi vizuri zaidi.

Kuhusu harusi na mahafali ya mteja, maadili yanaruhusu kufikiria kuhudhuria, mradi upime faida na madhara na uandike sababu zako. Kuhusu zawadi pia yanakubali kwamba katika tamaduni nyingi zawadi ndogo ni heshima. Mama akikuletea sahani ya vitumbua Idi, kuikataa kunaweza kumjeruhi kuliko kuipokea. Bahasha ya fedha ni jambo jingine, hiyo irudishe.

Jambo la kufanya siku ya kwanza: mwambie mteja, "Tukikutana sokoni sitakusalimu kama hujanisalimia wewe, ili watu wasiulize tumejuanaje." Kwetu kupita bila salamu ni utovu wa adabu, kwa hiyo ukinyamaza bila kumwandaa atadhani umemchukia. Ukimwandaa, atakushukuru.

Mchungaji au shehe akiniuliza habari za mtu aliyemleta kwangu, nimjibu?

Hapana, bila idhini ya maandishi ya mteja. Hata kukiri kwamba huyo ni mteja wako ni kuvunja siri. Mjibu kwa heshima: "Shehe, wewe una siri za watu, na mimi pia ninazo. Akitaka tukae watatu, nitafurahi." Viongozi wa dini wengi wanalielewa hilo upesi, kwani nao wanaishi nalo.

Siri ina mipaka ya kisheria. Ukishuku mtoto anadhulumiwa, unatoa taarifa kwa mamlaka. Mteja akitishia kumuua mtu fulani, inategemea jimbo: Mahakama ya Juu ya California iliweka wajibu wa kumlinda anayetishiwa katika kesi ya Tarasoff mwaka 1976, wakati ile ya Texas ilikataa wajibu wa kumwonya mnamo 1999. Eleza mipaka hii kwa Kiswahili chepesi kabla mteja hajaanza kuzungumza.

Kituo kinataka niwe mshauri na mkalimani wa wenzangu. Nikubali?

Kwa dharura, sawa. Kama kazi ya kila siku, kataa au omba ilipwe na iandikwe kwenye mkataba. Kituo kinachopokea fedha za serikali kuu kina wajibu wa kuwapa wateja ukalimani chini ya sheria ya haki za kiraia ya 1964, na wajibu huo hautimizwi kwa kukutoa kwenye chumba chako. Saa ulizokalimani pia hazihesabiki kama saa za tiba.

Naweza kumhudumia mtu aliyeko Mombasa au Muscat kwa video?

Kinachotazamwa ni mahali alipo mteja wakati wa kikao. Leseni ya Ohio haikupi ruhusa ya kumtibu aliyeko Mombasa, wala hata aliyesafiri Indiana kwa wiki mbili. Uliza sheria za huko, bodi yako, na bima yako ya kazi, na kama huna jibu la wazi, msaidie apate mshauri aliye karibu naye.

Nikirudi Kenya, leseni hii itatambuliwa?

Haihami yenyewe. Kenya ina sheria yake ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili. Utaomba usajili hapo, ukiwa na vyeti na ushahidi wa mafunzo. Kabla ya kuondoka Marekani, omba chuo barua inayoonyesha saa zako za mazoezi na utarajali, pamoja na silabasi zote. Kuzitafuta ukiwa tayari Kisumu ni kazi ngumu.

Mimi mwenyewe nimepitia vita na nimewahi kutibiwa sonona. Nitanyimwa leseni?

Kutibiwa peke yake si sababu ya kunyimwa. Bodi inajali kama kuna hali inayoathiri kazi yako sasa. Jibu swali kama lilivyoulizwa, kwa ukweli, bila kusimulia usiyoulizwa. Kama una rekodi ya jinai ni tofauti: iandikie bodi kabla ya kuanza masomo, kwa kuwa nyingi zina utaratibu wa kukupa jibu la awali.

Kuhusu vita, tafuta mshauri wako mwenyewe kabla ya utarajali. Siku moja mteja atakusimulia barabara uliyoipita na wewe, na utahitaji kuwa umeshaizungumza mahali pengine.